Nilivyopotezana na kundi Florence kwa sababu ya waashi wanne

Jambo la kwanza nililoonyeshwa Florence ni ukuta ambao haujamaliziwa. Nikacheka kwa sauti, mwanangu akanikanyaga mguu.

Tulikuwa watu 14 tumesimama mbele ya kanisa la San Lorenzo, saa tatu asubuhi, baridi ya Novemba inatafuna masikio. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyeshika mwavuli wa njano ingawa mvua haikuwepo, alikuwa akitueleza kwamba hili ndilo kanisa la familia ya Medici, wenye benki, watawala wa mji, watu waliotoa mapapa. Mimi macho yako ukutani. Uso mzima wa mbele ni mawe ya kahawia matupu, kozi kwa kozi, mengine yamejitokeza nje kama yale meno tunayoacha tukijua kesho tutakuja kuunganisha. Kesho yenyewe haijafika.

Kumbe kazi ilikuwa na fundi wake, tena fundi mwenyewe ni Michelangelo. Papa Leo wa Kumi, naye mtoto wa Medici, alimpa kazi ya kuuvisha ukuta huo marumaru. Michelangelo akaenda milimani, Carrara na Pietrasanta, akakaa huko muda mrefu akichagua mawe, hadi barabara ya kuyateremshia akaisimamia. Mwaka 1520 mkataba ukavunjwa. Kazi ya kuchimba imefanyika, mawe yamekatwa, mteja kabadili mawazo. Fundi gani asiyeijua habari hiyo? Nimevuka bahari kuja kuona mji unaosifiwa kwa uzuri wake, napokelewa na saiti iliyosimama miaka 500.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni fundi mwashi. Nilianza kwa kubeba maji na kuchanganya udongo, nikapanda kwenye mwiko, siku hizi magoti yamegoma nasimamia vijana. Binti yangu anasoma Italia. Tiketi ya ndege alinikatia kwa akiba ya vibarua vyake vya jioni, na matembezi haya ya mguu akayalipia mapema mtandaoni, kwa sababu ananijua. “Baba, nikikuacha utazunguka peke yako ukigonga kuta za watu.”

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba waliyoishi hao Medici, Palazzo Medici Riccardi, iliyoanza kujengwa mwaka 1444 chini ya fundi mkuu Michelozzo. Hapa nilinyamaza. Mawe ya chini kabisa yamejaa mabonde na vichuguu, kama yametoka machimboni jana. Ghorofa inayofuata yamechongwa bapa, unaona mstari tu kati ya jiwe na jiwe. Ya juu kabisa ni laini, hata mstari unautafuta. Kwa hiyo nyumba inakuwa nyepesi kadiri macho yanavyopanda, na uzito wote wa jicho umewekwa chini ambako uzito wa kweli uko. Sijui kama nimeeleweka. Ukiwa fundi utaelewa.

Inasimuliwa kwamba Brunelleschi, ambaye nitamsema sana hapa chini, alimtengenezea mzee Cosimo de' Medici mfano wa nyumba ya fahari kuliko hii, Cosimo akaukataa akihofia kijicho cha watu, naye Brunelleschi akauvunjavunja kwa hasira. Mimi namuunga mkono Cosimo. Ukijenga kupita kiasi majirani wanaanza kukuhesabia. Chini ya ukuta limeachwa benchi refu la jiwe, baraza kabisa, nikakaa. Ubaridi wa jiwe lile ulinipanda hadi kisogoni.

Pale barazani mwongozaji akatusimulia habari za Alessandro de' Medici, mtu wa kwanza wa ukoo huo kuitwa mtawala rasmi wa Florence kwa cheo cha kurithisha, mwaka 1532. Mama yake alikuwa mtumishi, na inasemekana alikuwa mwenye asili ya Afrika. Ndiyo maana jina la utani la Alessandro likawa il Moro, yaani mweusi. Watu 12 wakageuka kunitazama mimi na binti yangu, kwa adabu sana, kama tunaosubiriwa kutoa neno kwa niaba ya familia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni ya kiukoo. Huyo Alessandro aliuawa usiku wa Januari 1537 na ndugu yake Lorenzino, aliyemvuta kwa ahadi ya mwanamke. Tukapeana pole, tukaendelea.

Kanisa kuu, Santa Maria del Fiore, halikuandai. Unatembea kwenye kichochoro cha kawaida, maduka ya mikoba kushoto na kulia, mara mbele yako kichochoro kimezibwa na mlima wa marumaru nyeupe, kijani na ya waridi. Watu wote wakatoa simu. Mwongozaji akasubiri wamalize kupiga picha ya uso wa mbele, halafu akasema kwa upole kwamba uso huo ulimalizika mwaka 1887. Mzee mmoja kundini alisikitika kama mtu aliyegundua kauziwa simu feki. Lakini ndivyo ilivyo: ujenzi ulianza 1296 chini ya Arnolfo di Cambio, uso wa zamani haukuwahi kukamilika, wakaubomoa karne ya 16, na kanisa likakaa mbele wazi karibu miaka 300. Hesabu ya majengo yasiyomalizika: mawili, na hata saa nne haijafika.

Akatuzungusha upande wa kusini. Huko zipo sanamu mbili za mafundi wakuu wamekaa kwenye viti, Arnolfo na Filippo Brunelleschi. Brunelleschi ana ramani mapajani, kichwa amekiinua anatazama juu. Ukifuata macho yake unalikuta kuba.

Niliposoma habari za kuba hilo zamani sikuzitilia maanani, maana picha haina kipimo. Ukiwa chini yake ndiyo unashika kichwa. Shimo lililohitaji kufunikwa lina upana wa zaidi ya mita 42, lenye pembe nane ambazo hazilingani sawasawa, na linaanzia juu zaidi ya mita 50 kutoka ardhini. Mwaka 1367 wenyewe walishakubaliana kuba liwe kubwa kiasi gani, wakati hakuna aliyejua litajengwaje. Vizazi vikapita. Wanapandisha kuta, wanakaribia shimo, hakuna jibu. Ninawajua wateja wa aina hiyo, ila hawa walikuwa mji mzima.

Ugumu wenyewe ni huu. Ukijenga tao, kwanza unaegemeza mbao chini yake, unapanga matofali juu ya mbao, yakishikana unazitoa. Sasa mbao za kuegemeza shimo la upana ule, kutoka ardhini hadi kule juu, zingemaliza msitu, na zingeanza kupinda kwa uzito wao wenyewe kabla tofali la kwanza halijapandishwa. Mwaka 1418 wakatangaza shindano. Brunelleschi akasema atajenga bila mbao hizo. Ipo hadithi kwamba alipoulizwa atafanyaje akawaambia wenzake wasimamishe yai juu ya marumaru, wakashindwa, yeye akalipasua kitako likasimama. Kila mtalii huondoka na yai hilo. Mimi siliamini, hakuna kamati ya ujenzi iliyowahi kutoa kazi kwa sababu ya yai.

Ninachokiamini ni yaliyofuata, maana yananuka saiti. Kamati ilikuwa ya chama cha wafanyabiashara wa sufu, matajiri waliokabidhiwa ujenzi wa kanisa. Hawakumwamini Brunelleschi moja kwa moja, kwa kuwa kwa ujuzi alikuwa mfua dhahabu. Kwa hiyo mwaka 1420 wakamteua yeye na Lorenzo Ghiberti pamoja, mshahara sawa, florini 36 kwa mwaka. Ghiberti ndiye aliyeshinda kazi ya milango ya shaba ya jengo la ubatizo pale mbele, katika shindano la 1401 ambalo Brunelleschi aliingia akaikosa. Weka mafundi wawili wenye kinyongo kwenye kazi moja, mshahara mmoja, uone. Inasimuliwa Brunelleschi alijifanya mgonjwa. Kalala kitandani, kitambaa kichwani. Mafundi wanamfuata: bosi, tuendeleeje? Anawajibu, si yupo Ghiberti? Wanakwenda kwa Ghiberti, Ghiberti anasema ngoja Filippo apone. Kazi ikasimama hadi kila mtu akajua nani anajua. Mwaka 1426 mshahara wa Brunelleschi ulipandishwa hadi florini 100, wa Ghiberti ukabaki palepale.

Nilicheka peke yangu sana hapo. Nimeshawahi kuugua ugonjwa huo.

Jambo jingine alilotuonyesha, na wengi walilipita: mahali kuba linapokaa juu ya kuta pana mkanda wa kuzunguka, na katika pande nane ni upande mmoja tu wenye baraza la marumaru lenye matao madogo. Saba ni mawe matupu. Wakati upande ule wa kwanza ulipofunguliwa, mwanzoni mwa karne ya 16, Michelangelo inasemekana aliutazama akasema ni kitundu cha nyenje. Kazi ikaachwa pale pale, hadi leo. Tatu.

Milango ya Ghiberti tuliipita haraka, pamefurika watu. Ile ya mashariki, iliyochukua tangu 1425 hadi 1452, ndiyo inayoitwa Mlango wa Peponi. Iliyopo nje ni nakala, yenyewe iko makumbusho nyuma ya kanisa. Katikati ya nakshi kuna kichwa kidogo cha mwanamume mwenye upara anachungulia. Ni Ghiberti mwenyewe. Hakupata kuba, kajiweka mlangoni.

Tukashuka barabara ya Via dei Calzaiuoli, na hapa ndipo nilipopotea.

Kila mtu alikuwa na kifaa cha sikioni, mwongozaji anaongea taratibu kwenye kipaza sauti chake, wewe unamsikia hata ukiwa nyuma. Changu kilikuwa kinakwaruza tangu asubuhi. Tulifika kwenye jengo la mraba, refu, lisilofanana na kanisa, linaitwa Orsanmichele. Zamani lilikuwa soko la nafaka. Likageuzwa kanisa, na kila chama cha mafundi na wafanyabiashara kikapewa nafasi ukutani kwa nje kuweka sanamu ya mtakatifu wake. Matajiri waliweka za shaba, wengine za marumaru. Mwongozaji akasimama mbele ya moja yenye watu wanne akasema hii ni ya chama cha mafundi wa mawe na mbao, imechongwa na Nanni di Banco, na chama hiki hiki mwaka 1434, wakati kuba linakaribia kukamilika, kilimtia ndani Brunelleschi kwa sababu hakulipa—

Kifaa kikazima.

Nikakigonga. Kimya. Nikainua macho kumtafuta mwongozaji, lakini macho yaliishia njiani. Wale wanne waliosimama juu ni watakatifu, wachongaji wa zamani waliokataa kuchonga sanamu ya mungu wa Kirumi wakauawa. Wamevaa mashuka kama maseneta, nyuso nzito, wamesogeleana kama watu wanaojadili jambo baya. Wazuri, sikatai. Lakini chini ya miguu yao, kwenye kipande cha jiwe kisichozidi urefu wa benchi, wapo wengine wanne. Hao hawana mashuka. Wamevaa nguo za kazi. Wa kwanza anajenga ukuta. Wa pili anatoboa nguzo. Wa tatu anapima kichwa cha nguzo kwa bikari. Wa nne anachonga mtoto wa jiwe, na mtoto mwenyewe keshaanza kutokeza.

Nilisogea hadi pua ikakaribia. Yule wa kutoboa ndiye aliyenishika. Mchongaji kaijua ile hali. Ukitoboa jiwe hutoboi kwa mkono, unatoboa kwa mgongo; bega linashuka, shingo inaganda, pumzi unaibana bila kujijua. Ile shingo. Zaidi ya miaka 600 imepita tangu Nanni aichonge, mimi naijua ile shingo, ni ya marehemu mwalimu wangu wa kazi. Nikaanza kuangalia jinsi kila mmoja alivyojipa nafasi ya kiwiko, maana kwenye saiti iliyobanana ndicho kitu cha kwanza unachokipigania, na kweli, hakuna anayemgusa mwenzake. Nikaangalia viungo vya mawe ya ukuta wa yule wa kwanza. Nikaangalia—

Simu ikaita.

“Baba, uko wapi?”

“Niko kwa mafundi.”

“Mafundi gani tena, Baba?”

“Wa mawe.”

Nilisikia anavuta pumzi. Kundi lilishafika Piazza della Signoria, wananisubiri chini ya mwavuli. Dakika kumi nzima. Nilipofika niliomba radhi, mama wa mwavuli akacheka, akasema kwa kawaida anapoteza watu kwenye maduka ya ngozi. Nikamwambia, mimi nilipotea kwenye sentensi yako. Brunelleschi hakulipa nini?

Ada ya chama. Huyo ndiye fundi mkuu wa jengo kubwa kuliko yote mjini, na wenzake wa chama wakampeleka jela kwa ada. Kamati ya kanisa haikukubali: nayo ikamkamata kiongozi wa chama, ikamweka ndani mpaka Brunelleschi akaachiwa. Sasa nilielewa kwa nini wale waashi wadogo wana nyuso za watu wasiobabaika.

Uwanjani hapo vitu ni vingi, nitakuwa mchoyo. Kibao cha duara sakafuni kinaonyesha mahali mtawa Savonarola aliponyongwa na kuchomwa tarehe 23 Mei 1498, watu wanakikanyaga wakila aiskrimu. Ndani ya Palazzo Vecchio, jumba la mji lililo hapo uwanjani, binti yangu akaninong'oneza, kuna dari lenye picha ya twiga. Twiga wa kweli aliletwa Florence mwaka 1487, zawadi ya Sultani wa Misri kwa Lorenzo de' Medici. Watu walimshangilia mitaani, akaishi muda mfupi tu, inasemekana shingo yake ilikwama kwenye maboriti ya banda. Fundi aliyejenga banda lile sitaki kumfikiria.

Mlangoni mwa jengo anasimama Daudi wa Michelangelo, nakala iliyowekwa 1910. Mwenyewe alihamishwa mwaka 1873 kukwepa jua na mvua. Wote wanazungumzia mikono yake na jicho lake. Mimi niliuliza swali moja: alitokaje karakanani? Mwongozaji akafurahi, nadhani hakuna anayemuuliza. Mei 1504 iliwabidi wavunje ukuta juu ya mlango ili apite. Mita 5 za marumaru, wima, amening'inizwa kwenye fremu ya mbao, watu zaidi ya 40 wanamsukuma juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, na safari ya nusu kilomita ikachukua siku nne. Usiku wa kwanza wakaja watu wakamrushia mawe, ikabidi awekewe walinzi. Jiwe lenyewe lilikuwa bovu la kuachwa. Wachongaji wengine walishalianza wakalitelekeza, likakaa uani mwa kanisa miongo kadhaa linanyeshewa. Michelangelo alikuwa na miaka 26 alipopewa. Hiyo niihesabu kama kazi iliyokwisha, moja.

Matembezi yaliishia mtoni. Ponte Vecchio ya mwaka 1345 ndiyo daraja pekee la mji ambalo Wajerumani hawakulilipua walipokimbia Agosti 1944. Maduka ya juu yake zamani yalikuwa ya wachinjaji, mwaka 1593 mtawala akawafukuza kwa harufu, akaweka wafua dhahabu. Haya, dhahabu. Mimi nilitaka kuona linalofuata, Santa Trinita, ambalo lililipuliwa na kujengwa upya hadi 1958 kwa mawe yaliyoopolewa mtoni, na yaliyopungua yakachimbwa upya. Kwenye kona ipo sanamu ya mwanamke, msimu wa Machipuko; kichwa chake hakikupatikana hadi 1961, ndipo wakakiopoa kwenye tope la mto Arno. Pita uone shingoni, kovu la kuungwa linaonekana. Hawakulificha sana, na vizuri hawakulificha.

Mchana tulikula lampredotto kibandani, tumesimama. Ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa hadi limelegea, linakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye mchuzi wake. Binti yangu alikuwa ananitazama kwa wasiwasi nisije nikasema kitu. Nilisema niongezewe.

Kesho yake asubuhi tukapanda kuba. Ngazi 463, lifti hakuna, na saa yako imeandikwa kwenye tiketi, ukichelewa basi. Magoti yangu yalilalamika kuanzia ya mia. Njiani unatokea kwenye ukingo wa ndani, chini ya picha ya Siku ya Hukumu aliyoianza mchoraji Vasari mwaka 1572, mashetani wakubwa kama basi dogo wanatafuna wenye dhambi usawa wa uso wako. Halafu unaingia mlango mdogo, na uko katikati ya kuba, maana ni makuba mawili, moja ndani ya jingine, na ngazi zinapita kwenye upenyo wake. Ukuta wa kulia unakuegemea, wa kushoto unakukimbia. Mwili haujui wima uko wapi. Ningekuwa na timazi ningeishusha palepale nipate amani.

Na hapo kwenye ukuta yakaonekana matofali, matupu, bila lipu. Nilimwambia binti yangu apite, anisubiri juu.

Wenyewe wanaita spina di pesce, mwiba wa samaki. Unapanga matofali kadhaa yamelala, halafu moja unalisimamisha wima. Yaliyolala tena, jingine wima. Kozi inayofuata lile la wima linasogea kidogo, kwa hiyo ukifuata kwa macho unaona mistari ya waliosimama inapanda mshazari kama mistari ya ukili. Kazi yake? Unapojenga kuelekea ndani, udongo ukiwa mbichi, tofali lililolala linataka kuteleza likuangukie. Lile la wima limeshikwa na kozi iliyokwisha kukauka chini yake, nalo linawabana wenzake pande zote mbili kama kitabu kwenye rafu. Udongo unapata muda wa kushika. Kozi ikifunga mzunguko, pete imekamilika, haiendi popote. Hakuna mbao. Matofali ndiyo yanayojiegemeza. Zaidi ya milioni nne, kwa miaka 16, hadi Papa alipokuja kuliweka wakfu kanisa tarehe 25 Machi 1436.

Niliweka kiganja. Matofali ni membamba kuliko ninayoyazoea, na udongo kati yake mwingi. Sehemu moja umevimba nje, fundi hakuufuta kwa mwiko. Juu ya mita 60 hivi, siku fulani, mtu fulani alikuwa amechoka, au jua limezama, au msimamizi hayupo, akasema hapa nani ataona. Inasimuliwa Brunelleschi aliweka majiko kule kule juu ili wasipoteze muda kushuka kula, na divai yao ikazimuliwa maji. Nikaupitisha ule uvimbe kidole gumba. Nyuma yangu foleni ilishakuwa ndefu, kijana mmoja akaniambia scusi kwa mara ya tatu.

Juu kabisa unaona mji wote, mapaa mekundu, milima. Nimepiga picha, ni kama picha za kila mtu.

Jioni kabla ya treni nilirudi Orsanmichele peke yangu, binti yangu kaenda kununua mkate. Hapakuwa na mtu mbele ya wale waashi wanne. Nikapiga picha mmoja mmoja, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la vijana wangu wa saiti, nikaandika: hawa ni wenzetu, wa miaka ya 1400.

Kimya cha kama dakika tano. Halafu likaja jibu la kwanza, la kijana anayenichanganyia zege:

“Mzee, hao wanalipwa kwa siku au kwa kazi?”